Tulivyosoma Zaburi ya Aliyeachwa Kule Mbwera

Vijana wangu, mmeniomba niwaeleze kazi ya uinjilisti kule visiwani inafanywaje, na naona kila mmoja kaja na simu ya kunirekodi. Haya, rekodini. Ila mjue mapema kwamba miaka mingi ya kazi hii niliifanya moyo ukinidunda. Hata leo nimestaafu, nimekaa zangu hapa Kibiti na kuku wangu, lakini masika ikianza kupiga bati siwezi kukaa kitako. Nainuka, natazama njia ya Nyamisati, kwenye bandari ya kwenda visiwani, kama vile kuna mtu namngojea.

Nianze na madogo. Biblia ifunge kwenye nailoni mbili, moja ndani ya nyingine, hata kama jua linawaka. Simu si Biblia ya kutegemea huko. Chaji ikiisha umebaki na kioo cheusi na watu wanakutazama. Usivae viatu vya kamba ukishuka botini maji yakiwa yamekupwa. Tope la mikoko linakamata kiatu, weye unaondoka, chenyewe kinabaki. Na wimbo usiuanzishe juu. Pale Salale niliwahi kuanzisha wimbo juu mno hata tulipofika kwenye kiitikio waimbaji tulikuwa wawili, mie na mbwa wa bwana misitu.

Siku hiyohiyo nilihubiri habari za mchungaji na kondoo wake, nikazieleza kwa madaha, majani mabichi na fimbo na kila kitu. Nilipomaliza, baba mmoja mvuvi wa kamba akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, huyo kondoo mie nilimwona mara moja Kibiti, kafungwa nyuma ya bodaboda. Huyo aliyempakia ndiye mchungaji?" Nilicheka, lakini nilirudi nyumbani nikiwaza. Neno zuri linaweza kumpita mtu kando bila kumgusa, kwa sababu halijapita anapoishi.

Aliyenifundisha kuzisoma zaburi ni Mwalimu Zefania, mwinjilisti wa zamani aliyenitangulia kwenye njia hii ya maji. Alikuwa mkali kwa jambo moja. Ukisoma zaburi ukakimbilia moja kwa moja kusema "hapa ni Yesu," alikukata. "Ngoja kwanza," alikuwa akisema. "Huu ni wimbo wa Wayahudi. Waliuimba kwenye ibada yao kabla kanisa halijakuwapo. Mwone kwanza Myahudi mwenyewe, mtu mwenye mwili, anayeumwa, anayezungukwa na maadui, koo limemkauka. Ukishamwona huyo, ndipo utajua Yesu alichukua nini alipouchukua wimbo wake." Mie nilikuwa kijana, niliona ananichelewesha. Nilikuja kumwelewa Mbwera.

Huko Mbwera palikuwa na nesi wa zahanati, Agnesi, na mumewe Festo, mwalimu wa shule ya msingi. Wote watu wa bara, wamekulia mbali na maji. Festo kuogelea hakujua kabisa. Walipanga vyumba kwenye nyumba ya Bi Mwanahawa, mjane wa Kindengereko, mtu wa dini na mtu wa maneno machache. Ukuta mmoja uliwatenganisha. Bi Mwanahawa alikuwa na kijana wake, Athumani, mwenye boti ya mbao yenye injini ndogo, aliyekuwa akipeleka watu na mizigo Nyamisati na kurudi.

Mie nilikuwa nimefika kwa ibada yangu ya kila mwezi. Wakristo pale tulikuwa wachache: walimu, Agnesi, wanunuzi wa samaki, na mzee wetu wa kanisa, Mzee Yohana, mkaushaji samaki. Masika ilikuwa kubwa mwaka ule. Mto ulikuwa unashuka mwekundu, umebeba matete na magogo, na kila aliyekuwa na mtumbwi aliufunga mara mbili.

Asubuhi ya siku ile Festo alimpigia mkewe kutoka Nyamisati. Alikuwa amekwenda Kibiti kumwona kaka yake mgonjwa. Akasema, "Tunatoka sasa hivi, mimi na Athumani. Hatuna abiria mwingine." Safari ile, maji yakiwa mazuri, unafika kabla wali haujaiva vizuri. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Simu ya Festo haikupatikana, ya Athumani nayo haikupatikana.

Siku ya pili upepo ulikuwa bado mkali, na wanaume waliojaribu kutoka walirudishwa na mkondo. Agnesi alikwenda kazini. Nilimfuata kwa sababu sikujua pengine pa kukaa. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Alimpima uzito mtoto mmoja, akamwandika, akampa mama yake, kisha akanyoosha mikono tena, "Haya, mlete nimpime." Yule mama alimtoa mtoto, akampa tena, akapimwa mara ya pili. Kule nyumbani Bi Mwanahawa alikaa mlangoni na ungo wake, anapepeta mchele ambao ulikwisha kuwa safi tangu asubuhi.

Tazameni, vijana, hapa ndipo kazi ilipo. Mahubiri ya Jumapili unaweza kuyaandaa. Siku kama ile hakuna uliloandaa. Nilikuwa nahofia kila neno. Nikisema "atarudi," na asirudi? Nikisema "Mungu ajua," si atasikia kwamba nimeshamzika?

Alasiri tukakusanyika chumbani kwa Agnesi kuomba. Bi Mwanahawa alikuwa kakaa kizingitini, nusu ndani nusu nje, kwa sababu hakuna chumba kingine katika nyumba ile ambacho angeweza kuvumilia kukaa peke yake. Mzee Yohana akafungua Biblia yake akaanza zaburi ya mchungaji. Hakufika mbali.

"Baba, nakuomba usisome hiyo," Agnesi akasema. Hakupaza sauti. "Nimeisema tangu jana. Inaishia mdomoni." Kisha akanigeukia mie. "Mama Mwinjilisti, nataka kujua kitu kimoja. Humo ndani kuna mtu yeyote aliyewahi kumwuliza Mungu amekwenda wapi?"

Nilijua yupo. Nikafungua zaburi ile ya aliyeachwa, ambayo mwimbaji wake anaanza tu, bila salamu, kwa kumwuliza Mungu wake kwa nini amemwacha na kukaa mbali na kilio chake.

Mzee Yohana alipoona ninapofungua akaniwekea mkono. "Mwalimu Raheli! Hiyo ni ya Ijumaa Kuu. Mume wa mtu hajaonekana hata siku mbili, wewe unamsomea msalaba? Unamzika?"

Nilimheshimu mzee yule, na sikuwa na hakika kwamba amekosea. Lakini Agnesi alikuwa ananitazama, na katika chumba chote kile yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuchagua.

"Soma," akasema.

Nikasoma polepole. Mwimbaji anasema analia mchana na hajibiwi. Anawakumbuka baba zake, kwamba wao walimtumaini Mungu wakaokolewa; na yeye je? Watu wanamtikisia vichwa. Anajiona amemwagika kama maji. Viungo vimemwachia, moyo umeyeyuka ndani, ulimi umegandamana mdomoni. Nilipofika kwenye maji nilisita, maana nje tulikuwa tunausikia mto. Agnesi akatikisa kichwa niendelee. Nikaendelea mpaka karibu na pale wimbo unapogeuka, pale ambapo aliyekuwa akilia anaanza ghafla kusifu. Agnesi akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Ishia hapo," akasema. "Huko mbele mie sijafika."

Nikaishia hapo. Mzee Yohana alikuwa anatazama sakafu.

Baadaye Agnesi akauliza, "Na Yesu aliyasema haya haya?"

"Alianza nayo, msalabani," nikamwambia. "Alikuwa Myahudi. Nadhani alifundishwa wimbo huu angali mtoto, kama nyie mlivyofundishwa nyimbo zenu. Siku ile hakutafuta maneno mapya. Alichukua ya mtu wa zamani aliyeumia kabla yake."

"Kwa hiyo Mungu alimwacha?"

Hapo, wanangu, ndipo ningeweza kutoa darasa. Tumefundishwa namna nyingi za kujibu swali hilo. Lakini mbele ya mtu ambaye mumewe yuko majini, darasa ni kelele. Nilimwambia lile tu ambalo nililiamini hata ningeweza kusimama juu yake. "Sijui ilikuwaje kati yake na Baba yake saa ile. Ninachojua ni kwamba sisi tunasema Mungu alikuja akakaa mahali hapo, mahali pa mtu asiyejibiwa. Kwa hiyo hapo ulipo sasa, si mahali ambapo hajawahi kufika. Na angalia, huyu anayelalamika bado anasema Mungu *wangu*. Hajamwachilia."

Sauti ikatoka kizingitini. "Mwalimu, huo wimbo ni wa nani?"

"Umeandikwa kwa jina la Daudi, Bi Mwanahawa."

"Nabii Daudi. Mwenye Zaburi." Alifikiri kidogo, ungo ungali mapajani. "Mambo ya Nabii Isa na huo msalaba, sie na nyie tunaachana njia, na leo sina nguvu za kushindana. Lakini huyo anayelia humo namjua. Nimekuwa naye tangu jana." Kisha akanyanyuka kwenda kutia udhu, maana wakati wa swala ulikuwa umeingia.

Siku ya tatu upepo ukatulia. Wanaume wakatoka na mitumbwi, Waislamu na Wakristo, Mzee Yohana naye ndani pamoja na magoti yake mabovu. Tulisimama ukingoni sie wanawake. Nataka mjue kungoja kwa namna hiyo kunafanana na nini: unamwogopa mtu unayemsubiri. Kila mtumbwi ulipochomoza kwenye mikoko Agnesi alifumba macho, na Bi Mwanahawa, aliyekuwa amemshika mkono, ndiye aliyetazama kwa niaba yao wote wawili.

Kabla ya adhuhuri mtumbwi mmoja ukaja na Festo. Alikuwa hai. Walimkuta amekwama juu ya mizizi ya mikoko upande wa Salale, ngozi imemchubuka, sauti imekauka, amekumbatia dumu tupu la mafuta. Hakutaka kuliachia hata walipomlaza chini. Agnesi alimwangukia. Bi Mwanahawa alisimama palepale, anatazama nyuma ya mtumbwi ule kama kuna mwingine. Hapakuwa na mwingine. Wakamleta Athumani siku iliyofuata, wakamwosha, wakamsalia, wakamzika.

Sasa mtasema, Mwinjilisti, si hapo ndipo wimbo ulipogeuka? Mzee Yohana ndivyo alivyosema. Alinijia amechangamka, machozi yanamtoka: "Jumapili tusome ile sehemu ya pili! Ibada ya shukrani, na ngoma!" Nami nilitamani. Lakini Agnesi alinikuta jikoni akaniambia, "Nitashukuruje kwa sauti, na yule mama yuko ukuta wa pili? Atasikia kila neno."

Na kulikuwa na jambo zaidi, ambalo Festo alitueleza akiwa amelala, uso ameugeuzia ukuta. Boti iligonga gogo ikapinduka. Dumu lililoelea lilikuwa moja. Athumani alilikamata, na yeye alijua kuogelea kuliko mtu yeyote Mbwera; akaona Festo anakwenda chini, akalisukuma kwake. Alikuwa ameumia kichwani pale boti ilipogonga, damu inamtoka, lakini alisema yeye ataogelea. Festo alimwona kwa muda, halafu hakumwona tena.

"Usimwambie mama yake," Mzee Yohana akasema papo hapo. "Nakuonya, mwanangu. Atakuona wewe ndiye umemwua mtoto wake. Tunaishi humu na watu hawa, sie Wakristo ni kiganja kimoja tu. Mambo yataharibika." Kisha akanivuta pembeni, akanong'ona, "Ila Mwalimu, ni mfano mzuri sana wa mahubiri. Mtu katoa nafsi yake kwa ajili ya mwingine!"

Nilikataa. Athumani alikuwa mtoto wa Bi Mwanahawa, alikuwa Mwislamu, alikuwa na mipango yake, alikuwa anataka kununua injini kubwa zaidi. Hakufa ili mie nipate cha kusema Jumapili. Mambo mengine yanafanana na Injili hata yanakuumiza macho, lakini lazima kwanza uwaulize wenyewe. Nikikumbuka alivyonifundisha Mwalimu Zefania, kwamba tumwone kwanza mwenye kuumia, nilijua njia moja tu: Festo amwambie mama mtu, na sie tusijifiche nyuma yake.

Lakini usidhani nilikuwa na ujasiri. Nilikuwa na hofu ya kweli. Vipi kama Mzee Yohana ana haki? Vipi kama nawatia Agnesi na Festo kwenye chuki ambayo mie nitaiacha nyuma maji yakitulia, nipande boti niende zangu?

Nikaisoma sehemu ya pili ya zaburi peke yangu, nitafute la kufanya. Na hapo nikaona jambo ambalo miaka yote nilikuwa nalipita haraka kwa sababu lipo baada ya kile kilio. Yule mwimbaji, alipookolewa, haimbi peke yake chumbani. Anatimiza nadhiri yake mbele za watu, na wanyonge wanakula wanashiba. Shukrani yake ina sahani. Wayahudi wa kale waliposhukuru hekaluni, walikula pamoja, na aliyekuwa hana alikaribishwa. Na sie Wakristo, tukiisoma, tunasema Yesu aliyelia mwanzo wa wimbo ndiye aliyefufuka akawakalisha watu wake mezani. Mtu hawezi kuuimba mwisho wa zaburi ile na kumwacha jirani yake nje ya mlango na njaa.

Nikamwambia Agnesi, "Ngoma tuziache. Tupike."

Tukapika wali wa nazi na samaki. Kumbukeni hili, nyie mtakaokwenda huko: ukipeleka chakula kwa jirani Mwislamu, peleka samaki. Hakuna atakayejiuliza nani kachinja, na weye hutamtia mtu unyonge wa kukataa. Tukajitanda kanga, tukavua viatu, Agnesi kabeba sinia, mie nimebeba birika la maji ya kunawa, Festo nyuma yetu anatembea kama mtu anayepelekwa polisi. Mzee Yohana alikataa kuja, halafu akaja.

Watu wa matanga walikuwa wamepungua. Bi Mwanahawa alikuwa barazani na kaka yake, mzee mwenye kofia, anavuta uradi kwa tasbihi. Tukatoa pole. Tukaweka sinia. Festo hakuweza kukaa.

"Mama," akasema, "dumu lilikuwa la Athumani. Alilishika yeye kwanza. Akanipa mimi."

Tasbihi ya yule kaka mtu ikasimama. Agnesi alinishika mkono, kucha zikaingia. Nilisikia kuku wakitembea nyuma ya nyumba, nikasikia mto, nikamsikia Mzee Yohana akipumua. Bi Mwanahawa alimtazama Festo muda ambao sitaki kuukumbuka.

"Alisema nini?" akauliza.

"Alisema, 'Kumbatia hapa, Mwalimu. Miguu usiirushe, itakuchosha.'"

Uso wa yule mama ukavunjika, kisha ukakaa tena. "Ndivyo alivyokuwa akiwafundisha watoto hapo ukingoni," akasema. "Maneno hayo hayo." Akajifuta na upindo wa kanga. Kaka yake akasema kwa sauti ya chini, "Inna lillahi," na Mzee Yohana, ambaye nadhani hakujua anasema nini, akasema, "Amina."

Festo alikuwa bado amesimama. Akasema, "Mama, mimi sijui nikae na jambo hili namna gani."

"Umekula lini?" Bi Mwanahawa akamwuliza.

Agnesi ndiye aliyejibu, "Hali kitu, mama. Kila tukimpa anarudisha."

Bi Mwanahawa akavuta sinia kwa mikono miwili mpaka ukingo wa mkeka, akasogea kumpisha nafasi, upande ule aliokuwa akikaa mwanawe.

"Kaa," akasema. "Mwanangu hakukupa dumu ili uje ufe njaa mlangoni kwangu."

Nikachukua birika, nikammiminia Festo maji. Akanawa, akakaa, akamega tonge la kwanza. Bi Mwanahawa alingoja mpaka amelimeza. Kisha naye akasogeza mkono wake siniani, na sie wote tukala.